Mvua Iliyokaa Ukutani

Kinampanda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi wazima, na babu yako anavuna alizeti. Unauliza umsaidieje mwanao apende kusoma.

Mama yangu, asiyejua herufi hata moja, alibandika magazeti ukutani kuzuia vumbi, mengine kichwa chini. Siku moja akanikuta nimeinama, nachungulia katikati ya miguu yangu, nasoma.

"Linasema nini hapo?"

"Mvua, mama," nikamwonyesha neno kwa kidole.

Akaweka ungo chini, akaligusa lile neno taratibu. "Kumbe mvua tumelala nayo humu ndani kiangazi chote!"

Tangu hapo kila jioni aligusa neno jingine, nami nikawa natafuta magumu zaidi ya kumsomea, nione tena ule uso wake wa mshangao.

Basi gusa neno, mwulize mwanao. Akikujibu, ushangae kweli.

Bibi yako