Kabla Hujatia Sahihi Mkataba wa Simu

Rosebella Nekesa,
S.L.P. 1482,
Kakamega.

19 Septemba 1999.

Mpendwa mdogo wangu Protus,

Pokea mulembe nyingi kutoka hapa Amalemba, wewe na wifi yangu Boitumelo na huyo mgeni wenu mdogo. Mimi ni mzima, cherehani ni nzima, na ule mguu uliokuwa ukinivimba umetulia tangu niachane na viatu vya visigino. Nyumbani Butali mahindi yameingia ghalani na miwa imesimama vizuri. Je, ninyi? Joto la Gaborone limewahurumia? Mtoto analala, au anawakesha kama wewe ulivyokuwa ukitukesha?

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisomea kibandani, nikaiacha gauni ya watu mezani bila pindo. Kurasa mbili za kwanza nilicheka peke yangu. Mwalimu mzima unaandika juu ya simu ya mkononi kama bwana harusi anayemsifu mchumba: mpango wa mkataba unakupa simu bure na dakika za kupiga nje kwa bei nafuu, ila unafungwa miaka miwili; mpango wa kadi za kukwangua dakika zake ni ghali, ila uko huru. Unaniuliza mimi, ambaye simu ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya kopo, uchague upi.

Kisha nikafika ukurasa wa tatu, kicheko kikaisha. Unasema siku ile ya Julai ulimwambia Mama kwenye simu kwamba mtoto mmempa jina la Baba, Andati, naye badala ya kufurahi akakuuliza kama ng'ombe wa huko wana nyasi. Unasema mkeo hadi leo anakuuliza nyanya alisema nini. Kwa hiyo umeamua kutia sahihi ule mkataba mwishoni mwa mwezi ujao, uwe unampigia Mama simu kila wiki kwa adabu, na hiyo nauli ya Desemba uimalizie huko kwenye simu. Hutakuja.

Protus, usitie sahihi kwanza. Nisikilize.

Siku ile Mama alimuuza yule jogoo mwekundu, na dakika tatu za kupiga Botswana zilimmeza jogoo mzima zikataka na nyongeza. Alivaa gauni ya kanisa na kitambaa cheupe, kama mtu anayekwenda kukuona uso kwa uso. Tulipofika posta tuliketi kwenye ile benchi ndefu, na mimi nikamkumbuka Baba. Unakumbuka alivyokuwa akitupitisha hapo kununua kadi za salamu za redio? Aliandika majina yetu yote, hata la mbwa, na jioni tulikaa kimya kuzunguka redio tukingoja mtangazaji ayasome. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisikia jina lake, hata redio ikikwaruza namna gani. Masikio yake wakati ule yalimsikia kuku akitaga nyuma ya nyumba. Siku hizo nazitamani sana, mdogo wangu.

Basi karani akatuita chumba namba mbili. Mama akaingia, mimi nikabaki nje ya kioo. Akaushika mkono wa simu kwa kushoto, akauweka kwenye sikio la kushoto. Wa kulia akauacha huru. Wewe unamjua Mama: hawezi kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto hata nyumba ikiwaka moto. Kila aliposema mulembe, ule mkono wa kulia ulinyooka mbele ukashikana na hewa. Akakusalimia wewe, akamsalimia mkeo, akawasalimia majirani zenu, mara tatu tatu. Watu wa foleni walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Sikio la kushoto la Mama limekufa, Protus. Hakusikia neno lako hata moja.

Hata mimi sikujua. Lakini fikiria jinsi salamu zetu zilivyo. Ni njia ambayo Mama ameikanyaga miaka sabini. Ukisema mulembe, unajua utajibiwa nini. Ukiuliza watoto, utaambiwa wazima. Ukitoka kwa watoto unakwenda kwa mvua, ukitoka kwa mvua unakwenda kwa ng'ombe. Alikuachia nafasi ya kujibu, akahesabu kichwani kwamba umemaliza, akaendelea. Wewe ulipomtangazia jina la mtoto, yeye alidhani uko kwenye mvua. Ndipo akauliza nyasi. Alitoka mle chumbani anang'aa. Nilimuuliza, Protus anasemaje? Akanijibu, wako wazima wote.

Jumatano niliifunga cherehani nikaenda nyumbani na barua yako. Nilimkuta uani anaambua maharagwe. Nikamwendea kwa upande wa kushoto nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena, nikaona maharagwe tu yanaanguka kwenye ungo. Nilipozunguka upande wa pili akaniona nalia, akajua nimejua. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia mficha uchi hazai, na kwamba amemuumiza mwanawe kwa kuficha. Aliambua ganda jingine, kisha akasema, "Nilikuwa nasikianga vizuri, Nekesa. Huu upande ulifunga tu polepole kama duka. Nikasema nikiwaambia, mtaacha kuongea na mimi."

Alhamisi nilimleta hospitalini. Daktari alisema la kushoto halina kazi tena, na la kulia nalo linafuata. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema hawezi kuniambia siku, lakini tusipange kwa miaka.

Sasa umeelewa kwa nini nimekushika mkono. Huo mpango wa miaka miwili unaweza kuwa nafuu kuliko yote Gaborone, lakini masikio ya Mama hayataufikisha mwisho. Utakuwa unalipia kila mwezi dakika za kumpigia mtu asiyekusikia.

Ushauri wangu ndio huu. Chukua simu ya kadi. Najua dakika zake zinauma, basi uzitumie kidogo. Kupokea simu hapa hakutugharimu kitu, kwa hiyo usitungoje tena kwenye foleni ya posta. Maina wa duka la dawa, jirani yangu wa kibanda, ameniruhusu tutumie simu yake kila Jumamosi saa kumi kamili jioni. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Mama atakuwa ameketi pale kabla hujapiga, na mimi nitamwekea simu kwenye sikio la kulia kwa mkono wangu. Habari ndefu zote ziandike kwa barua kwanza, nitamsomea. Halafu ukipiga, usimsalimie, hata kama ni utovu wa adabu. Muulize kitu kisicho na jibu la mazoea. Muulize yule ndama mwekundu aliuzwa kwa nani. Akikujibu, ujue amekusikia.

Na zile fedha ambazo mkataba ungekula kila mwezi, rudisha kwenye nauli.

Usiku wa jana, kabla ya kulala, nilikumbuka ile simu yetu ya makopo mawili ya mafuta ya Kimbo. Wewe ndiye uliyeyatoboa kwa msumari wa Baba, ukachapwa. Uzi wa gunia ulitoka dirisha la jikoni hadi kwenye miwa, nawe ukajificha huko na kopo lako kama bwana mkubwa ofisini. Mama alikuwa na kazi tele, lakini aliacha mwiko, akaweka kopo sikioni, akasema tu, "Umekula?" Nawe ulikuwa umetoka kula obusuma mbele yake. Ukajibu bado. Akakuwekea tena. Nimekuwa nikiwaza, ni simu gani tumepiga tangu siku hiyo iliyotufaa kuliko ile.

Jambo moja nimeliacha makusudi hadi hapa. Siku hiyo ya Jumatano, alipotulia, nilimsogelea upande wa kulia nikamwambia jina la mtoto. Nilisema mara mbili ili niwe na hakika. Mama aliweka ungo kando. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kile kigoda cha Baba ambacho hakuna aliyekikalia tangu tumzike. Akakifuta vumbi kwa kitambaa cha kichwani, akakiweka barazani pembeni ya kiti chake. Kisha akaniambia, "Mume wangu amerudi, amebisha hodi, na mimi namuuliza habari ya nyasi." Alicheka, halafu akalia, halafu akataka nimwambie jina mara ya tatu.

Kwa hiyo mwambie Boitumelo kwamba nyanya hakumkataa mtoto. Mwambie kigoda kimeshatolewa nje.

Mjomba Nehemiah anawasalimu. Bado anabishana na kiwanda juu ya uzani wa miwa yake. Binamu Gentrix amepata kazi ya ualimu Likuyani na anakuomba kamusi. Kageha wa kibanda cha pili anauliza kama wanawake wa huko wanashonesha au wananunua tayari. Mungu awafunike, awape maziwa na usingizi, na awalinde njiani ikiwa mtakubali kusafiri.

Salamu za Mama sitaziandika, amekataa. Anasema za kwenye simu alizitoa zote kwa mkono wa kulia na hakuna aliyeushika. Safari hii anamngoja Andati aje aushike.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu siku za kopo,

Rosebella Nekesa