Upande wa Pili wa Santuri ya Mwisho

Kanti, mwizi wewe,

Naanza na tusi kwa sababu sijui marehemu husalimiwa vipi kwa barua. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nakaa dirishani. Kwetu tungesema Mungu akulaze mahali pema. Wewe nikikwambia hivyo juu ya mtu ulikuwa unauliza, "Hapo pema, Saidi, kuna umeme?" Basi ulale penye umeme, ndugu yangu. Ila mwizi ni mwizi.

Santuri imefika leo. Ile ya mwisho. Nimeiweka mezani tangu asubuhi na sijaitoa kwenye bahasha yake, maana kila nikiigusa naikumbuka siku ile aliyonipigia simu mwanao Hema.

Ngoja nikusimulie siku hiyo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, niko Harrow hapa Landani, kituo cha mwisho, basi limejaa. Nikaona jina la mwanao kwenye simu. "Anko, baba amefariki. Alikuwa anafunga kamba za viatu." Unajua nilimjibu nini? Nikamuuliza, "Viatu gani?" Wallahi. Nilitaka kujua ni vyeusi au vile vya kahawia, kana kwamba vikiwa vya kahawia utafufuka.

Kisha nikakaa. Abiria wakaanza kugonga wanataka kushuka. Mimi, dereva wa miaka ishirini na mbili, mimi niliyerudi rivasi kutoka Harrow mpaka Stanmore siku ya theluji bila kugusa kioo cha gari la mtu, nilisahau mlango wa basi unafunguliwa na kitufe kipi. Mama mmoja akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia Kanti amekufa. Akasema, "Oh, pole sana," kama mtu anayekufahamu, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe.

Na Jumapili, jana yake tu, ulikuwa umenipigia! "Njoo gereji Jumatano. Usilete sambusa, usilete hadithi. Lete miwani." Nikakwambia macho yangu mimi yanahesabu mashimo ya mwezi. Ukasema, "Lete miwani tu, bwana." Sasa mtu gani anamwalika mwenzake Jumatano halafu anakufa Jumatatu? Tabia gani hiyo, Kanti?

Watu wa hapa Landani wakiniuliza rafiki yangu anafanya kazi gani, nilikuwa nawaambia anakata santuri. Wanacheka, wanasema muziki siku hizi uko kwenye simu. Nawaambia nyamazeni mfundishwe. Kuna vijana wa hapa Uingereza, weupe kwa weusi, wanatengeneza muziki na kompyuta vyumbani mwao. Hauna mwimbaji, hauna kiitikio, besi tupu na vishindo. Na kila anayetaka muziki wake uwe santuri ya kweli, ya kupigwa klabu mpaka kuta zitoe jasho, anakuja Harrow, nyuma ya nyumba ya Mhindi wa Tanga, kwenye gereji isiyo na gari. Mle ndani kuna mashine kama cherehani ya jini. Sindano yake inachimba mchirizi kwenye sahani laini nyeusi, kisha sahani hiyo inakwenda kiwandani na huko ndiko santuri zote zinafyatuliwa kwa mfano wake. Ukikosea wewe, wamekosea wote. Nilikuwa najisifu hivyo kwa ajili yako, maana wewe mwenyewe kujisifu ulikuwa hujui.

Mara ya kwanza kuusikia muziki huo nilidhani friji lako linakata roho. Unakumbuka? Unaanza, unakatika, kimya, unadhani umeme umeondoka. Halafu besi inarudi kutoka chini ya sakafu kama mtu aliyesahau mwavuli wake. Nikakuuliza, huyu kijana ameumizwa na nani? Ukacheka mpaka ukamwaga chai.

Na tangu siku hiyo ikawa ndio desturi. Unanikalisha chini kwenye zulia, mgongo umeegemea spika, unauliza, "Inapiga wapi, Saidi?" Mimi nasema mbavu. Au goti la kushoto. Au meno. Nikisema meno ulikuwa unatikisa kichwa, unarudi kwenye mashine, unapunguza kitu, unakata upya. Nilidhani unanichezea tu, kama mzee anavyopewa rimoti isiyo na betri. Halafu chai inakuja, na mimi nazifungulia hadithi zangu. Mamba wa Pangani. Rivasi ya Stanmore. Na ile kubwa, ya mimi nilipokuwa napiga besi kwenye bendi kule Tanga, nikakata uzi kwa nguvu za dole gumba na bado wimbo nikaumaliza. Hiyo nimeisimulia kila harusi ya Waswahili kutoka Barking mpaka Reading. Haya, tutafika.

Mwisho wa kazi ulikuwa unainama na kisindano cha mkononi, unaandika kitu pale katikati, kwenye nafasi tupu baada ya mchirizi kwisha. Nikauliza unaandika nini.

"Namba ya kiwanda tu."

Miaka kumi na saba, Kanti! Namba ya kiwanda tu!

Jumatano nilikuja. Hema alisema gari la kiwandani linapita saa nane mchana na kuna kitu umeniachia. Miwani nilibeba. Sijui kwa nini, maana aliyeniambia niibebe hayupo tena, lakini nilibeba.

Hema hakusema mengi. Alitoa santuri moja rafuni, akaiweka chini ya taa, akasema, "Soma hapa, Anko." Nikasoma. MAMBA ALINIPISHA. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Akatoa nyingine. RIVASI MPAKA STANMORE. Akatoa nyingine. CHUI ALIKUWA NA NJAA, MIMI NILIKUWA NA HARAKA. Rafu nzima, Kanti. Ukuta mzima. Kila uongo niliowahi kuutema kwenye kikombe chako cha chai umechongwa kwa mkono wako kwenye santuri za Waingereza, ukafyatuliwa mia tatu mia tatu, ukapelekwa mpaka Berlin, mpaka Japani. Mimi sijawahi kufika Japani. Ndiyo, najua nilikwambia nimefika.

Nikakaa kwenye zulia, pale pale pangu. Na unajua neno la kwanza nililosema? Nilisema, "Na ile ya besi iko wapi?" Sina haya. Siku mbili tu tangu ufe na mimi natafuta sifa zangu ukutani.

Hema akasema, "Hiyo hakuiandika hata siku moja."

Iliniuma. Zote umeziiba, ile ninayoipenda umeiacha.

Ndipo akafunua zile sahani mbili laini ulizokata Jumamosi, kazi ya yule binti mteja wako wa Peckham asiyecheka. Wewe unajua, kabla ya kiwanda kila upande una sahani yake. Nikainama na miwani kwenye ya kwanza. Mwandiko wako, ule ule wa bili ya dukani.

NANI ALIPIGA BESI?

Ya pili ilikuwa tupu. Hema akaniwekea kisindano chako mkononi. "Hii baba alisema ni yako."

Kanti, nimewahi kufukuzwa na nyuki, nimewahi kugongwa na baiskeli ya polisi, lakini sijawahi kupigwa namna ile. Ikanijia ile siku, zamani, mvua inanyesha juu ya gereji, uliponiuliza polepole huku unakoroga sukari, "Besi yako ilikuwa na nyuzi ngapi?" Nami nikasema, "Sita." Nilijua ni nne. Kila mtu aliyewahi kulibeba gitaa la besi anajua ni nne. Lakini nne niliziona chache kwa mtu kama mimi. Wewe ukaendelea kukoroga. "Sita. Sawa." Mtu unayekula kwa kukata besi! Ulijua tangu kikombe kile. Na hukunivua nguo mbele ya watu, harusi zote zile, umekaa meza ya pembeni na soda yako unapiga makofi.

Sasa Hema amesimama mbele yangu. Huyu huyu alipokuwa mdogo aliniomba nimfundishe besi, nikamwambia vidole vyangu vimeharibiwa na baridi ya Landani. Alinipulizia vidole, yule mtoto. Ulikuwepo.

Uongo nilikuwa nao tayari, kama kumi hivi. MIMI, KWA MKONO MMOJA. Huo ulikuwa mzuri. Nikasogeza kisindano. Hema akasema, "Taratibu, Anko. Ukiteleza ukaingia kwenye mchirizi, upande wote umekufa. Na wa kuukata tena hayupo." Nikakiinua kisindano. Nikamwambia nipigie kwanza. Sahani yenyewe haichezwi, inaharibika, nimeyajua hayo kwako. Akapiga ile nakala ya kompyuta. Mimi nikaegemea spika, nikafumba macho, nikangoja mbavu.

Haikupiga mbavu. Ilipiga juu ya mgongo, kati ya mabega.

Pale pale, Kanti. Pale nilipokuwa nabebea boksi la spika. Nina miaka kumi na minane, nalitoa kwenye lori, nalipandisha ngazi za ukumbi, na dansi likianza kazi yangu ni kukaa nyuma yake nikiwa nimelishikilia kwa mgongo lisianguke, maana mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika. Hakuna aliyekuwa ananiona. Watu wote mbele wanacheza, mpiga besi amevaa suti nyeupe, na mimi nyuma, mgongo kwenye mbao. Lakini besi yote ilipita kwangu kwanza.

Kumbe hukuwa unanichezea. Yule wa suti nyeupe hukumhitaji. Miaka yote hiyo ulikuwa unamuuliza mtu aliyeijua besi kwa mwili, mbeba spika, ukalijua hilo, ukanywa chai, ukanyamaza.

Nikaandika. Herufi ya kwanza imepinda kidogo, utanisamehe.

SI MIMI. NILIBEBA SPIKA.

Hema akainama na kile kioo chako cha kukuzia. Akasoma. Akasogeza taa, akasoma tena. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Ni nne, Anko. Nyuzi. Baba aliniambia nikiwa na miaka tisa."

Miaka tisa! Na alinipulizia vidole akiwa na kumi!

Tukacheka, halafu tukalia, halafu gari likapiga honi.

Msiba wako sitauelezea sana. Sisi tunazika, Kanti. Nilijua watakuchoma, ulishaniambia, lakini kujua ni kitu kingine na lile pazia la mbele ya jeneza kujifunga ni kitu kingine. Ila vijana! Sijui walitokea wapi. Wamejaa mpaka nje, nguo nyeusi, viatu vikubwa, wengine nywele za kijani, wanalia kama wewe ni babu yao. Mmoja mwenye pete puani alipoambiwa mimi ni nani akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mamba alinipisha." Taratibu, kwa heshima, kama anaitikia dua. Na wa nyuma yake hivyo hivyo. Wakapanga mstari. Wanadhani ni methali, Kanti. Wanadhani ni maneno ya wahenga wa Kiswahili uliyoyarithi kwenu Tanga. Mimi sikuwasahihisha. Nikaitikia kwa kichwa tu, kama mhenga.

Na hii mpya imeanza kuuzwa juzi. Hema amenisomea wanayoandika kwenye simu zao. Yuko mmoja amejaza ukurasa, eti SI MIMI, NILIBEBA SPIKA ni mafundisho ya kale ya Waafrika Mashariki juu ya unyenyekevu. Nimesema ukweli mara moja tu maishani mwangu, na wamesema ni wahenga.

Sasa nisikilize. Hema ameanza kukata santuri mwenyewe. Sahani ya kwanza sindano iliruka, besi aliiachia ikatanua mchirizi mno. Ya pili ni afadhali. Kila Jumatano ninayo zamu ya asubuhi, kwa hiyo mchana nitakuwa pale, zuliani, mgongo kwenye spika. Nakuahidi nikisikia mbavu nitasema mbavu, nikisikia meno nitasema meno, hata akiwa amechoka na hataki kurudia. Na harusi ya Barking mwezi ujao, wakinipa maikrofoni, nitawasimulia habari za lile boksi lenye mguu uliovunjika. Nitawaambia lilikuwa zito kama tembo, hapo usinibane. Mamba naye atabaki amenipisha.

Nafungua bahasha sasa. Miwani ninayo.

Kwaheri, mwizi wangu. Lala penye umeme. Nyuzi zilikuwa nne.

Saidi, mbeba spika