Mstari wa Ainembabazi

Isingiro, 27 Aprili 2025

Dada Shadya, shikamoo.

Shemeji na watoto hawajambo huko Nyabiyonza? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo imechoka. Simu imepasuka kioo, ndiyo maana unapata karatasi.

Hisabati ya Kidato cha Tatu inanitoa jasho. Kitabu kinaeleza mstari ulionyooka kwa nauli za teksi, na darasani kwangu hakuna aliyewahi kupanda teksi. Nikachora mfano ubaoni, nikawaambia kila mmoja amimine maji kopo kwa kopo kwenye chombo chochote cha nyumbani kwao, apime kina kwa rula kila anapoongeza, kisha achore grafu.

Wote wakaleta mistari iliyonyooka, isipokuwa binti mmoja, Ainembabazi. Wake ulipanda kwa kasi, halafu ukalala. Nikamwekea kosa mbele ya wenzake na kumwambia aache uvivu. Akasema, "Nimepima, mwalimu." Nikamtoa nje. Tangu siku hiyo haji shule, na nasikia hana mpango wa kurudi. Unajitahidi, wao wanakurudishia uzembe!

Mdogo wako,
Hanifu

Nyabiyonza, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Hanifu,

Marahaba. Sisi wazima, ila upepo umetulazia migomba.

Ulimuuliza alipimia kwenye nini? Najua hukuuliza. Wewe umekulia dukani Kayanga, hujawahi hata kusogelea mtumbwi wa kukamulia ndizi za lubisi, pombe yetu. Jirani yangu anao. Ni gogo lililochongwa, chini jembamba, juu pana. Makopo ya kwanza yanapandisha maji haraka, ya mwisho yanatambaa tu. Kama alipimia humo, mstari wake ni wa kweli.

Wanaonishangaza ni hao wengine. Vibuyu, mitungi, karai, vyote vikatoa mstari ulionyooka? Wamenakili ule uliowachorea ubaoni, na wewe ukawasifu. Nenda kwa huyo binti ukamwombe radhi, na usitume mtu.

Dada yako,
Shadya

Isingiro, 25 Mei 2025

Dada, shikamoo, na pole kwa migomba.

Nilikwenda. Mama yake, Evangelina, alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Mtumbwi ulikuwa umelazwa kando ya jiko, tumbo lake kama ulivyosema. Nikamwomba binti radhi mbele ya mama yake. Hakunijibu kwamba yameisha. Aliuliza, "Nikirudi, nichore ninachokiona au unachokitaka?" Nikamwambia anachokiona. Jumatatu akaja.

Nikabandika grafu yake ukutani, nikaisifu kweli kweli, nikaona kazi imekwisha. Kisha nikawapa mshumaa: wauwashe nyumbani, wapime urefu kila baada ya dakika kumi. Mshumaa hupungua sawasawa, kwa hiyo mstari unashuka umenyooka.

Ijumaa nimekusanya. Dada, darasa zima wameleta mstari unaopanda kwa kasi kisha unalala, kama ule wa ukutani. Mishumaa yao inarefuka ikiwaka. Ni Ainembabazi peke yake aliyeleta mstari unaoshuka umenyooka, na wenzake wakamcheka kwamba safari hii amekosa. Yeye hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

Nilikasirika mpaka chaki ikanivunjikia mkononi, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, wao au mimi. Sikusema nani kapata. Nikawasha mshumaa juu ya meza yangu, nikampa Ainembabazi rula, nikaenda kukaa kwenye dawati lake.

Mdogo wako,
Hanifu