Maziwa ya Baba Hospitalini

Kaloleni, Arusha

Kaka Idi,

Shikamoo. Huku baridi ni kali, na Mlima Meru hatujauona bado kwa ukungu.

Macho ya Baba yamekuwa manjano kabisa. Dresa anayewauguza wagonjwa wa wodi yake, Mchaga mmoja mpole, alinieleza kwamba nyongo haishuki, na bila nyongo mafuta ya maziwa hayasagiki tumboni. Ndiyo maana kila akinywa alikuwa anajikunja kwa maumivu. Basi nikawa nayachemsha jikoni pale hospitali, nayaacha yapoe, naengua utando wote wa mafuta, ndipo nampelekea. Unamjua Baba na maziwa yake ya kibuyu! Alionja, akacheka: "Mwanangu, haya ni maji yaliyomwona ng'ombe kwa mbali." Lakini aliyanywa, na tumbo likatulia. Nikapata matumaini.

Jana dresa alinikuta naengua, akanizuia.

"Dada, leo acha. Mpe kama anavyoyapenda."

Nilifurahi, kaka. Nikamwuliza, "Kwani nyongo imefunguka?"

Alikichukua kijiko changu cha kuengulia, akakiweka kando. Alitazama chini, nami nikaelewa.

Baba alikunywa vijiko vichache, mafuta yakabaki kwenye masharubu. "Sasa haya ndiyo maziwa," akasema, kisha akakuulizia wewe.

Njoo, kaka, panda lori lolote utakalopata. Mama mwambie taratibu, na umwombe shangazi alale naye. Nakukumbuka sana. Mungu akulinde njiani, akukutanishe na Baba angali anatujua.

Mdogo wako,
Zaituni