Baraka Zilizotembea kwenye Ukurasa wa Umuhoza

Mama Nyiraneza mpendwa,

Naomba unisaidie, maana tangu Jumapili chakula hakipiti na mama anadhani ni mapenzi. Mimi ni fundi cherehani, nashona na mama yangu hapa Rwezamenyo, na mwaka huu nimejifunza PHP, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao, kwa kompyuta ya kuazima, nikatengeneza ukurasa ambapo wasimamizi wa bibi arusi wanaandika jina, vipimo vya umushanana, vazi letu la sherehe, na neno la baraka, na vyote vinaonekana hapo hapo kwa kila anayefungua. Siku dada mmoja aliye Ubelgiji alipobonyeza "Tuma" na kiuno chake kikatokea mezani kwetu, kati ya mkasi na chaki, nilisimama nikasema Subhanallah, na mpaka leo sijazoea, mtu yuko ng'ambo ya bahari anaandika, na $_POST, kile kikapu cha PHP kinachopokea yaliyotumwa, inanikabidhi neno lake kama lilivyo, nami nikaliweka ukurasani kama lilivyo bila kuligusa, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, kwetu mgeni akibisha anakaribishwa, hapekuliwi mifuko.

Sasa Umuhoza anaolewa Jumamosi. Rafiki yake Pretty, aliyesoma kompyuta kidogo shuleni, alitaka baraka yake ipendeze, akaanza na neno marquee ndani ya mabano yenye ncha, ile amri ya kufanya maandishi yatembee, akasahau kuifunga. Basi maneno yake yakaanza kutembea, na kila kilichokuwa chini yake kikafuata, vipimo, salamu, hadi dua ya nyanya yake Umuhoza, vyote vikitokea kulia na kupotelea kushoto, na mimi badala ya kuogopa nikabaki kinywa wazi kwa uzuri wake. Shangazi wa bibi arusi, Mukagasana, hakuona uzuri. Alisema baraka zikikimbia kuna aliyezifukuza, na jina lililo mbele ya msafara ni la Pretty. Mama yangu alipojaribu kusema huenda ni mambo ya mtandao, alijibiwa, "Mutandao haina miguu. Hii iko mukono ya mutu." Pretty ameondolewa kwenye wasimamizi, na yeye mwenyewe ameanza kuamini kwamba ana mkosi. Najua kosa ni langu, lakini nikisema, watu watasema kazi ya duka letu ni ya kubahatisha, na mama ndiye aliyeniruhusu. Ninyamaze mpaka arusi ipite?

Usumani, Rwezamenyo

Usumani mwanangu,

Usinyamaze. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kiuno cha Ubelgiji kilipotua kwenye meza yenu hata mimi nilisisimka. Huo mshangao ni wa haki, usikubali mtu akunyang'anye. Ila haufuti uzembe wako. Unasema mgeni hapekuliwi. Mbona ukienda kwenye jumba la mikutano Kimihurura unaweka begi kwenye mashine na kupita bila kununa? Anayekagua hakutukani, analinda walio ndani. Nyanya yake Umuhoza alikuwa ndani ya ukurasa wako, na hukumlinda.

Nimemuuliza mpwa wangu Jean-Bosco, anayefundisha mambo hayo Kabeza. Kila kinacholetwa na $_POST kipokee kama mtu usiyemjua. Kipitishe kwenye trim kiondolewe nafasi tupu za pembeni, uone kama kuna kilichobaki. Kiuno kipimwe na is_numeric, inayoangalia kama ni namba. Aliyeandika "cha kawaida" mrudishie kwa adabu aandike upya. Na unapoonyesha neno la mtu, andika echo htmlspecialchars($baraka), ili alama zake zibaki maandishi, zisigeuke amri. Hulifuti neno lake. Linaonekana lote, ila limetulia. Na vipimo viondoe hapo leo hii. Nani alikutuma kuanika viuno vya watu mbele ya dunia?

Sasa la Pretty, ndilo zito. Unaogopa duka lisemwe. Likisemwa, mtashona vizuri na watu watasahau. Msichana akishasemwa kwamba ana mkono mbaya, mtaani hakuna anayesahau, ataambiwa hivyo hata mbele ya watoto wake. Haya, chukua kompyuta, uende na mama yako kwa Mukagasana. Usimhubirie. Mwombe aandike baraka kwa vidole vyake mwenyewe, wewe uweke ile amri mwanzoni mwa baraka hiyo, aone maneno yake yanaondoka. Akishatulia, rekebisha mbele ya macho yake, aone yamesimama. Kisha sema, "Shangazi, mlango ni wangu, mimi ndiye niliyeuacha wazi." Akigomba, acha agombe, unastahili kugombezwa.

Ukitoka hapo nenda kwa Pretty, siku hiyo hiyo, umweleze kwamba hana mkosi wowote, alisahau kufunga amri moja na wewe ulisahau kazi yako. Huenda akakataa kusimama tena karibu na Umuhoza. Usimlazimishe. Rudi dukani umshonee umushanana wake kabla ya wa mtu mwingine yeyote.