Papa Damien Habumugisha na Heshima ya Sucré

Mwaka umezunguka, Papa Damien, tangu ulipotuachia kilima chako cha maharagi hapa Masisi. Wengine wakifikisha mwaka huandika kwamba marehemu wao alikuwa taa ya nyumba. Nawe ulikuwa taa, hatukatai. Lakini mke wako Emérence ametukataza kuandika asali tupu. "Muandike na vile ilinuka," alisema. Basi tunaandika, nawe utuvumilie, maana uliyekuwa ukitukumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua ni wewe mwenyewe.

Ulikuwa mtu wa kuitwa. Ndugu wawili wakishikiana panga kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo, walisema, "Tumungojee kwanza Papa Damien." Ulifika na fimbo yako, ukakaa, ukawaacha watukanane mpaka wachoke, halafu ukacheka. Ukicheka wewe, hata mwenye hasira anaona haya. Hivyo ulitembea vilima vya Masisi vyote, ukashuka hadi Ntoto na Mpofi kule Walikale, na wachimbaji wa Omate wakakuita uwaombee kabla ya kuingia shimoni. Hatujasikia mahali ulipoondoka ukiacha watu wameshikana mashati.

Lakini mapatano hayashiki mpaka yanywewe. Wenzako huyanywa kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, pombe hugusi. Kwa hiyo kila nyumba ilikutafutia sucré, soda ya chupa, ile nyekundu au ile ya rangi ya chungwa. Hata palipokosekana sabuni, sucré ya Papa Damien haikukosekana. Ulikunywa kwa huyu, ukanywa kwa hasimu wake asije akasema umependelea, ukavuka mto ukayakuta mengine. Kukataa kungekuwa kutangaza kwamba ugomvi bado upo. Baadaye wakaanza kukutumia pikipiki, mzee asichoke, na hata ile miguu iliyokuwa ikikuchemshia damu ikapewa likizo.

Emérence alianza kuona kinyaa mapema kuliko sisi sote. Hakupenda unavyorudi na masharubu yamegandana, nzi wakikusindikiza hadi mlangoni, ukibeua mbele ya watoto kama mtu aliyekula harusi. Hakupenda unavyotia sukari kwenye chai mpaka kijiko kisimame. Alikuuliza, akikuita kwa jina la binti yenu, "Papa Gentille, leo ulikunywa ngapi?" Nawe ulimjibu vilevile kila siku, "Miye sikunywake pombe. Ugonjwa itanipatia wapi?" Ulikuwa ukiwapita walevi njiani ukitikisa kichwa, ukidhani mwili umeokoka siku ileile roho ilipookoka.

Asubuhi moja alikwenda kumwaga kopo lako la mkojo akakuta sisimizi wameuzunguka ukingo, wamepanda, wengine wameelea ndani. Aliliacha kopo palepale akaja kukuita. Wewe ulicheka kile kicheko chako cha kupatanisha watu. "Hata badudu ba Mungu bananipenda," ulisema. Emérence hakucheka. Alikwambia uende ukapimwe, ukasema utakwenda ukimaliza kesi ya Ntoto, na baada ya Ntoto ilikuwapo ya Mpofi.

Halafu mguu. Kidonda kidogo cha kiatu, kitu ambacho mkulima hukifuta kwa jani akaendelea kulima. Ulikivalia soksi. Soksi ikanuka, ukavaa mbili. Ukapaka manukato ya Gentille, binti yako, na nyumba ikanuka maua na kitu kilichooza chini ya maua, na sisi tukakaa nawe mezani tukila bugali na kujifanya hatusikii. Emérence alipoivua ile soksi kwa maji ya vuguvugu, ngozi ilikuja nayo. Alitoka nje akatapika kwenye migomba, akanawa uso, akarudi akamaliza kukuosha. Tunataka watu wajue kwamba alirudi.

Hospitalini daktari alisema jambo moja, akalirudia kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: asipewe kitu chochote cha sukari. Emérence alilibandika kichwani. Wageni hawakulibandika popote. Walikuja kutoka kila kilima ulichowahi kukipatanisha, na kila mmoja alishika chupa, maana kwetu kumtembelea mgonjwa mikono mitupu ni kumtakia mabaya. Zilipangwa chini ya kitanda chako mpaka mhudumu akakosa pa kupitisha ufagio, na zile zilizovuja zikaigandisha sakafu hata kandambili zikawa zinalia tukitembea.

Siku moja Emérence alikuwa bombani anafua vitambaa vya kidonda. Aliporudi alimkuta Mama Euphrasie, mwimbaji mwenzako wa kwaya, amekuinua kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika chupa mdomoni mwako. Ile rangi ya chungwa ilikuwa inakumiminikia shingoni na kwenye mto. Nawe ulikuwa unameza, Papa. Umeinua kidole kushukuru.

"Mama Euphrasie, unamuua!"

"Dada yangu, mugonjwa anakosaka nguvu bila sucré. Utamukatalia bwana yako hata heshima?"

Wodi nzima ilimtazama Emérence kana kwamba ndiye aliyekuleta pale. Aliinyang'anya ile chupa, ikamwagikia miguu yake. Alikutazama useme neno, wewe unayesikilizwa na vilima vyote. Ulifumba macho ukasema taratibu, "Achana nabo. Bananipenda." Mpaka leo hajui ni nini kilichomchukiza zaidi, ile harufu ya mguu au lile neno.

Walikukata mguu wakiwa wamechelewa. Kwenye kilio chako yalipangwa makasha ya sucré mpaka dirishani, na waombolezaji waliinywa pembeni ya jeneza lako, wanabeua, wanafuta midomo, wanasema, "Kweli alikuwa mutu." Nyigu walizunguka wafiwa na sanduku bila kubagua. Emérence alikaa chini kwenye mkeka, hakulia. Watu wakasema huzuni imemkausha. Haikuwa huzuni peke yake. Alikuwa akijizuia asisimame akapindua kasha moja baada ya jingine.

Ungedhani yangeishia hapo. Lakini watu hawakuacha kugombana kwa sababu wewe umekufa. Walimjia Samy Sebarenzi, mdogo wako, kwa kuwa ana kicheko kama chako. Akairithi kazi, na chupa zake. Kufikia msimu wa maharagi suruali yake ilikuwa inashikwa na kamba. Alikuwa akija kututembelea anakwenda nyuma ya jiko, anarudi, anaomba maji, anakwenda tena. Siku moja alipoaga na watu wa nyumbani kwake, Emérence alikwenda kutazama aliposimama. Sisimizi walikuwa wamekwisha kufika.

Hakumtumia ujumbe. Alimfuata njiani, akamshika mkono mbele ya mke wake na watoto wake, akamrudisha nyuma ya jiko lile akamwinamisha.

"Shemeji, angalia. Kwa kaka yako ilianzaka hivi."

"Mama Gentille, unanipatisha haya mbele ya batoto!"

"Haya haiuwake mutu. Angalia."

Samy aliangalia. Kesho yake alikwenda kituo cha afya akapimwa, na sukari yake ilikuwa juu, ila dokta alimwambia bado hajachelewa: atumie dawa, apunguze bugali, atembee kwa miguu, na sucré aiage. Emérence alimngojea barabarani kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona kwake tangu tulipokuzika. Akamwona anakuja polepole, na masharubu yake yanang'aa.

"Samy. Umekunywa?"

"Nilibaambia batu, Mama Gentille. Pale ku kona nilibaambia niko na sukari. Banasema, pole sana, njo maana unakosa nguvu, kunywa kidogo. Banafungua kabisa mbele yangu."

"Na ukakunywa."

"Nusu tu. Nisibatukane."

Emérence alitema mate chini. Hakumtemea Samy, alitutemea sisi sote. Pale ndipo alipoelewa jambo ambalo alikuwa hajalielewa miaka yote aliyogombana nawe: hakuna mwanamume wa kilima hiki atakayeikataa chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa jina lake. Ulishindwa wewe, uliyeweza kuwashinda watu wenye mapanga. Samy hataweza. Kama wanaofungua hawataacha kufungua, siku si nyingi tutaandika na mwaka wa Samy.

Kwa hiyo, Papa Damien, tunakuambia wewe ili na wao wasikie. Jumamosi hii tutakusomea ibada shambani kwako. Kutakuwa na bugali, sombe ya majani ya mihogo, maharagi na maji yaliyochemshwa. Hakuna kingine cha kunywa. Wakubwa wa ukoo wamesema kumbukumbu isiyo na sucré ni kumkumbuka mbwa, na kwamba Emérence anakuzika mara ya pili. Ameyasikia. Atakayefika na kasha, Emérence atampokea kwa mikono miwili, atamsalimia vizuri, na mgeni atageuka nalo kwa njia aliyojia.

Samy atakaa mbele, mahali ulipokuwa ukikaa. Nyinyi wa Ntoto aliowapatanisha mwezi jana, nyinyi wa Mpofi mnaomngojea, wachimbaji wa Omate, na wewe Mama Euphrasie unayempenda kweli, mtamtazama na mikono yenu itawawasha. Msimpe kitu. Akipatanisha, mpeni kikombe cha maji, na mapatano yenu yashike kwa maji kama yanavyoshika kwa sukari. Ataona aibu, atafikiri mmemchoka. Emérence ametuomba tuandike maneno yake kama alivyoyasema, tusiyapambe: "Mumuzarau. Mumuzarau wote, mpaka azeeke."

Wanaokukumbuka ni mke wako Emérence Nyiramana, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Watoto wako Gentille Umugwaneza na Ngabo. Dada yako Thacienne Byukusenge. Na mdogo wako Samy, aliyesomewa haya kabla hayajatoka. Alisema yaachwe hivyohivyo.

Tulikupenda vibaya, Papa Damien. Tutakukumbuka siku zote, na huyu tutampenda vizuri.