Mapigo Yasiyofika Mkononi

Kolwezi, Jumatano

Bado namwonea wivu, hata sasa ambapo ameshaondoka.

Juma zima niliwahutubia wanafunzi wenzangu kwamba Wakasai, wageni kutoka jimbo la Kasai, warudi kwao, na kila nilipotamka hivyo nilimfikiria mtu mmoja: Daktari Mukendi, Mkasai aliyesomea mapigo ya moyo Ubelgiji na kurudi na masikio ambayo mimi, mwaka wa tano wa udaktari, sijajaliwa.

Moyo wa Mama unarukaruka tangu Jumapili. Nilimpima, nikamwambia ni mzima. Hakuniamini. Leo alinivuta hadi stesheni, kwenye umati wa wanaofukuzwa, tukamkuta Mukendi ameketi juu ya sanduku lake.

"Tata Dokta, huyu mutoto yangu anasema moyo yangu iko ya kijana."

Mukendi akamwekea stetoskopu kifuani na vidole mkononi, akayafuata mapigo ya pote pawili kwa wakati mmoja.

"Ulihesabu ku mukono tu, kolega? Mapigo ingine inabakia ku kifua, haifike ku mukono."

Kosa la mwanafunzi asiyejua kitu! Mama akacheka: "Ku mikutano njo anajua kuhesabu batu."

Mukendi aliandika jina la dawa, kisha akanivika stetoskopu, akanihesabisha tena na tena mpaka nikapatia.

"Bien, muzuri. Sasa mi naweza kwenda."

Treni ilipopiga honi nilitaka kumwomba abaki, kwa ajili ya Mama. Wivu ulinifunga mdomo, mdomo uleule uliomfukuza.